Ngozi ya Kinanda

Kwenye fomu ya Baraza la Kata kuna mstari wa aina ya mali inayogombaniwa, na karani anatakiwa kuchagua: shamba, nyumba, mifugo, au mali nyingine. Siku Josia alipokuja kumshitaki Ngeleja, mimi karani niliweka alama kwenye mali nyingine. Mwenyekiti wetu, Mzee Januarius, aliisoma fomu taratibu, akanirudishia, akaniambia nifute niandike mifugo. Nikafuta. Karatasi tunazoletewa ni nyepesi, ikatoboka. Mpaka leo shauri namba kumi na nne la mwaka 1998, hapa Ngulyati, lina tundu mahali pa mali.

Mali yenyewe ilikuwa kinanda cha umeme.

Josia alikuwa mpiga kinanda wa bendi ya shirika moja la umma kule Mwanza. Bendi nyingine zilipiga rumba. Yeye na wenzake walipiga soul, muziki wa taratibu wa mtu aliyeachwa na bado anamheshimu aliyemwacha. Nilimsikia mara moja, mwaka 1984, nikiwa kwenye kozi ya uhazili. Walikuwa na wimbo wa kufungia dansi, hauna maneno, na katikati yake palikuwa na mahali ambapo Josia aliinua mikono kutoka kwenye kinanda, akafumba macho, akaguna. Mguno mmoja tu, mrefu kidogo, kisha mikono ikarudi. Wasichana wote wa kozi tuliamini anatugunia sisi. Mimi niliamini ananigunia mimi, na niliendelea kuamini hivyo hata baada ya kuolewa Ngulyati na kuzaa watoto wanne.

Shirika likauzwa mwaka 1992, wakati kila cha serikali kilipokuwa kinauzwa. Wanamuziki waliambiwa kila mmoja achukue chombo alichokuwa akikipiga, aondoke nacho, asirudi. Mwimbaji alipewa maikrofoni bila waya. Wacheza shoo walipewa viti. Josia akapata kinanda: cheusi, chenye miguu minne ya kufungua na kufunga, kifuniko kigumu, na uzito wa ndama wa miezi sita. Kilikuwa na meno sabini na matatu. Ukibonyeza jino, ndani kuna kinyundo kinachogonga kijiti cha chuma, na kijiti ndicho chenye sauti. Umeme unaikuza tu. Bila umeme kilitoa sauti ndogo, ya kusikika na mtu aliyekaa karibu asiye na haraka.

Alikileta Ngulyati, kwao alikozaliwa, kwa lori la pamba lililokuwa linarudi tupu. Wazazi wake walikwisha kufariki na nyumba yao ilikuwa imebaki kuta. Yeye alikuwa anakwenda Dar es Salaam kutafuta bendi, na huwezi kutafuta bendi huku umebeba ndama mgongoni. Kwa hiyo alikipeleka kwa Ngeleja, mfugaji waliyesoma naye darasa moja.

Hapa inabidi nieleze desturi, maana shauri zima limesimama juu yake. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye zizi moja. Anawawekesha kwa watu. Anayewekeshwa anakunywa maziwa na kutumia samadi. Ndama ni wa mwenye mali, ila wakifika wengi, mchungaji hupewa mmoja kwa jasho lake. Ng'ombe akifa, mchungaji anaita majirani wawili washuhudie, nyama inaliwa, na ngozi anapelekewa mwenyewe. Asiyeleta ngozi ameuza ng'ombe, na aliyeuza ng'ombe wa kuwekeshwa ni mwizi wa ng'ombe. Marehemu baba yake Josia aliwahi kumwekesha baba yake Ngeleja majike manane, na hawakuwahi kugombana.

Basi jioni ile ya mwaka 1992, mbele ya Ngeleja, mama yake Ngeleja aitwaye Milembe, na majirani waliokuja kushangaa, Josia alipapasa kifuniko cha kinanda akasema: "Ngeleja, nakuwekesha huyu kama baba alivyomwekesha baba yako. Maziwa kunywa."

Baadaye barazani alidai kuwa ulikuwa utani. Mzee Januarius alimwuliza kama kuna mtu alicheka. Ikaonekana hakuna aliyecheka.

Kabla ya kuondoka aliwapigia ule wimbo wa kufungia dansi, bila umeme, na watu wakasogea wasikie. Akaguna pale pa kuguna. Kesho yake akapanda basi, akapotea miaka sita.

Katika miaka hiyo aliuza mitumba Kariakoo, akachimba dhahabu ya wengine Geita, akapiga kinanda kwenye harusi moja ambayo bwana harusi hakutokea. Mwezi wa saba mwaka 1998 akapata barua. Hoteli mpya ya mtu binafsi Mwanza ilikuwa inatafuta mpiga soul. Tajiri wake alikuwa amevichoka vile vinanda vipya vya plastiki vinavyojipigia ngoma vyenyewe. Alitaka sauti ya zamani, ya chuma. Barua ilisema Josia afike tarehe mosi Septemba, akiwa na kinanda chake. Maneno "akiwa na kinanda chake" yalipigiwa mstari. Josia alikuwa na miaka arobaini na saba, na nadhani alijua kuwa barua ya namna hiyo haiji mara mbili.

Alifika Bariadi, akapanga chumba gesti, akatuma salamu Ngulyati kuwa anakuja kuchukua mali yake. Hakuhitaji kuja. Kesho yake Ngeleja alimfuata kwa baiskeli, amefunga kifuniko cheusi kwenye keria kwa kamba za mkonge. Walisalimiana, mwangaluka kwa mwangaluka, wakaulizana habari za mvua. Kisha Ngeleja akafungua kamba, akakilaza kifuniko miguuni pa Josia.

"Amekufa," akasema. "Pole sana, ndugu yangu. Ngozi hii hapa."

Josia aliuliza nani amekufa. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alikaa chini pale pale mlangoni mwa gesti.

Kilichotokea kilikuwa hivi. Mvua za Elnino za mwanzo wa mwaka zilibomoa ukuta wa chumba alimolazwa kinanda. Maji yalimwingia siku tatu. Maji yalipokauka, mchwa wakaja, wakala mbao, vinyundo na kitambaa. Ngeleja aliita majirani wawili, wakamtazama marehemu, wakatia dole gumba kwenye karatasi ambayo mimi mwenyewe niliiandika bila kuuliza sana, maana mwezi ule vifo vya mifugo vilikuwa vingi. Kisha akafanya kama desturi inavyotaka: ngozi akaihifadhi, nyama isioze.

Nyama ni vile vijiti vya chuma. Ngeleja alimwita Mayala, fundi wa marimba za mkononi, zile za kibao chenye vyuma unazopiga kwa dole gumba. Mayala alivifungua vyuma kimoja kimoja pamoja na vikalio vyake, akavipanga kwenye vibao sita. Marimba moja ikabaki kwa Milembe. Nyingine tano zikaenda kwa watu wa hapa hapa Ngulyati, mmoja alikuwa amesaidia kuinua ukuta, mwingine alikuwa na mtoto mgonjwa asiyelala, na wengine waliomba tu.

Josia akafungua shauri. Kwa kuwa kinanda hakingeweza kufufuka, alidai ng'ombe: majike kumi na mawili, idadi ambayo kwa hesabu yake ingemnunulia kinanda kingine cha aina ile kama kingepatikana popote.

Baraza tulikuwa tunakaa kwenye ghala la chama cha ushirika. Tangu wanunuzi binafsi waanze kununua pamba kwa mizani zao chini ya kila mti, ghala lilikuwa tupu na lina mwangwi. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kwa Ngeleja. Kifo kilishuhudiwa, ngozi ilipelekwa. Mjumbe wetu Mama Salu aliuliza swali moja tu, kwamba hizi marimba ni nyama au ni ndama. Zikiwa nyama, zililiwa kihalali na Josia hana chake. Zikiwa ndama, ni za Josia.

Wajumbe walijadiliana mpaka saa nane. Mzee Januarius, ambaye pia ni katekista na hapendi kukata jambo bila mfano, akasema ng'ombe akifa na mimba, ukampasua ukamkuta ndama hai, yule ndama si nyama. Ni wa mwenye mali. Kinanda kilikufa kikiwa na sauti ndani, na sauti zilitoka hai. Wajumbe wote wakakubali, hata Ngeleja akatikisa kichwa kwamba ndiyo, hilo ni haki.

Pangeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini mimi, kwa kazi yangu, ilibidi niandike idadi. Nikasoma maelezo ya Josia: meno sabini na matatu. Nikamwuliza Mayala alitoa vyuma vingapi. Alisema sabini na viwili, kumi na viwili kila kibao. Nikahesabu mara mbili. Nikasema kwa sauti kuwa mmoja hayupo.

Kamanda wa sungusungu, aliyekuwa amesinzia karibu na mlango, akafungua macho.

Msiotoka huku mnaweza mkadhani chuma kimoja ni kitu kidogo. Kwenye ng'ombe wa kuwekeshwa hakuna kidogo. Aliyeficha mmoja kati ya sabini na watatu ameficha, basi. Anapoteza jasho lake lote, analipa, na kama sungusungu wakimtenga, hakuna wa kumpa moto wala kumsalimia, na akifiwa anachimba kaburi mwenyewe. Ngeleja aliapa kwamba hakuchukua. Mayala aliapa. Mzee Januarius akamgeukia Josia, akamwuliza kama ana hakika kinanda kilikuwa na vyuma sabini na vitatu.

Josia alitazama kile kifuniko cheusi kilicholazwa sakafuni kama kielelezo. "Meno yalikuwa sabini na matatu," akasema. Akanyamaza.

Niliandika hivyo. Nilimhurumia Ngeleja, lakini kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika huruma.

Mzee Januarius akaahirisha kwa siku tatu. Akaagiza marimba zote sita ziletwe pamoja na watu wanaozishika, ili mwenye mali atambue mifugo yake na kueleza yule aliyepotea ni yupi. Ng'ombe aliyepotea lazima aelezwe, rangi na pembe, vinginevyo sungusungu watatafuta nini.

Siku hiyo ghala lilijaa. Watu walikuja hadi kutoka Lalago, ambako habari ilikuwa imefika kwamba kuna mtu ameiba noti ya muziki. Josia alisimamishwa akiangalia ukuta. Nyuma yake wakawa wanapiga chuma kimoja kimoja, na yeye anataja: huyu wa mkono wa kushoto, wa tatu kutoka mwisho. Huyu alikuwa mvivu nikamchonga Mwanza mwaka 1979. Huyu ndiye wa kuanzia kila wimbo. Hakukosea hata mmoja. Mayala alikiri kuwa sauti hakuzigusa, kwa sababu zilikuwa zimeshapangwa na mtu anayejua. Kufikia wa arobaini hivi sauti ya Josia ilianza kukatika, na Mzee Januarius akamruhusu anywe maji.

Waliobaki wakatajwa, na bado haikujulikana aliyepotea ni yupi. Hapo Mama Salu akatoa wazo ambalo lilikuwa jema na baya kwa pamoja. Alisema mchungaji hawezi kumjua asiyekuwepo kwa kuwahesabu waliopo; anamjua kwa kuwatembeza, ataona pengo. Basi wapige wimbo. Pengo litaonekana.

Josia hakutaka. Alisema ni kazi bure, watu hawa hawajui. Mzee Januarius akamkumbusha kuwa yeye ndiye mlalamikaji.

Akawapanga. Aliwaketisha wenye marimba sita kwenye magunia, akamwonyesha kila mmoja vyuma vyake vichache vinavyohusika, akawa anawanyooshea kidole kwa zamu kama fundi anayeelekeza vibarua wa matofali. Mara ya kwanza ilikuwa fujo. Mara ya pili pia. Mara ya tatu wimbo ukatoka, polepole kuliko hata soul inavyotakiwa kwenda, lakini ukatoka, na ghala tupu likaukuza kuliko umeme. Nikautambua. Ulikuwa ule wa kufungia dansi. Niliweka kalamu chini, jambo ambalo karani haruhusiwi.

Ukafika katikati. Kidole cha Josia kilisimama hewani, hakikumwelekea mtu. Vyuma vyote vikanyamaza. Lile ndilo pengo, kila mtu aliliona, na kamanda wa sungusungu akasimama.

Ndipo Milembe, amekaa kwenye gunia lake na marimba mapajani, macho amefumba, akaguna.

Mguno mmoja, mrefu kidogo. Noti yenyewe hasa. Kisha akapiga chuma chake kinachofuata, na wengine wakamfuata mpaka mwisho, na wimbo ukaisha ukiwa mzima.

Mzee Januarius alimwuliza kwa nini ameguna barazani. Milembe alishangaa kuulizwa. Alisema kwa Kisukuma, na mimi nikaandika kwa Kiswahili, kwamba hivyo ndivyo wimbo ulivyo. Josia, ambaye kwake ni kama mwanae, alipowapigia jioni ile, pale aliguna. Yeye Milembe alikuwa akikipiga kinanda kile kila alasiri kwa kidole kimoja, ndiyo maziwa yake, na akifika kwenye jino lile lilikuwa halina sauti, linagonga hewa. Kwa hiyo alikuwa anaguna, kama alivyofundishwa. "Miaka sita nimemgunia mahali pake," akasema. "Nimechoka sasa, afadhali amerudi."

Watu wote walimgeukia Josia.

"Huyo hakupotea," Josia akasema. "Hakuwepo."

Mwenyekiti akamwambia aongee kwa sauti, karani asikie.

"Alivunjika Mwanza, mwaka themanini na moja. Spea hazikuwepo nchini, na za kuagiza zilihitaji fedha za kigeni na barua saba. Nikawa naguna badala yake. Ngeleja hakuchukua kitu. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza kwa hasira. Naomba msamaha."

Niliandika kila neno. Miaka kumi na minne nilikuwa nimeamini kwamba ule mguno ulikuwa wa mapenzi. Ulikuwa wa spea. Nilimkasirikia Josia sana dakika ile, kuliko Ngeleja alivyomkasirikia, na nina hakika ni mimi peke yangu mle ndani niliyejua kwa nini.

Ngeleja alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake akaambiwa limeahirishwa. Kisha akainuka, akaokota kifuniko pale sakafuni, akakipangusa vumbi kwa kiwiko, akamkabidhi Josia upya.

Hukumu ilikuwa fupi. Ngeleja hana hatia. Madai ya majike kumi na mawili yametupwa. Ndama sita ni wa Josia, na mmoja atampa mchungaji kwa jasho lake. Mwenye mali achague. Josia alimpa ile ya Milembe bila kufikiri. Kwa kosa la kunyamaza akiwa anajua, baraza liliwaachia waliokosewa waseme wanachotaka. Ngeleja alisema hataki kitu. Milembe alisema anataka Josia aje Jumamosi kwa Jumamosi kuguna mwenyewe.

Marimba tano zilizobaki zilikuwa zake, na angeweza kuondoka nazo siku ile ile. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Nilimsindikiza na daftari, kuhakikisha makabidhiano. Nyumba ya kwanza yule mtoto asiyelala alikuwa amelala, marimba iko kifuani. Josia alimtazama, akamwambia mama yake: "Nakuwekesha. Maziwa kunywa." Safari hii pia hakuna aliyecheka. Na kwenye nyumba nne zilizofuata alisema hivyo hivyo, na mimi nikaandika hivyo hivyo.

Tarehe ishirini na nane Agosti alikuja ofisini akaniomba nimwandikie barua ya hoteli, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mashine ya chapa. Aliisema akiwa amesimama:

"Ndugu Meneja. Kinanda changu kimezaa. Ndama bado wananyonya na hawawezi kutenganishwa kwa sasa. Kwa sababu hiyo sitafika. Wabeja, asante sana."

Nilimwuliza kama ana hakika. Alisema andika. Nikaandika, akatia sahihi, na alipokuwa anatia sahihi machozi yalimtoka, akayafuta kwa upande wa mkono na kuniomba radhi kwa kulowesha nakala.

Amepanga chumba hapa hapa. Msimu wa pamba anapima mizani kwa mnunuzi mmoja, msimu mwingine anazunguka kukagua mifugo yake. Kifuniko amekitundika ukutani kama watu wanavyotundika ngozi ya fahali waliyempenda.

Jumamosi alasiri nikitoka kuchota maji, njia yangu inapita nyuma ya zizi la Ngeleja. Nasikia marimba, polepole, kisha inanyamaza, kisha wanaguna wawili, kikongwe na mwanaume. Najua ni spea. Natua ndoo, nasimama mpaka wimbo uishe.